Meza Isiyopangika

Umeme umekatika tena Havana, saa mbili na robo usiku,
feni imefia katikati ya mzunguko.
Nawasha kipande cha mshumaa,
nageuza risiti ya duka la dawa,
naendelea na hesabu upande wake mweupe.

Hesabu yenyewe nilimweleza Niurka hivi:
unakumbuka ulipotimiza miaka kumi na mitano,
tulivyopanga meza?
Shangazi Eneida hakai karibu na Mjomba Lázaro.
Lázaro habanduki kwa Bebo, wana deni la domino.
Na Bebo hali mpaka Eneida amkatie nyama.
Tukamhamisha mmoja, wawili wakanuna.
Tukawahamisha wawili, babu akaomba kofia yake.
Ukiziba huku, kunavuja kule.
Mwishowe watu walikaa, wakala, wakapigwa picha,
hakuna aliyeridhika,
na karamu ikawa karamu.

Hiyo, nikamwambia, ndiyo kazi inayonilipa kidogo:
vishale elfu, kila kimoja chatazama juu au chini,
na kila jozi ina amri yake,
ninyi fananeni, ninyi tofautianeni,
na amri hazipatani.
Si barafu, ambayo kila chembe yajua safu yake.
Si maji, yasiyokumbuka kitu.
Ni kama kioo cha dirisha:
kimetulia, lakini hakijakubali.

Niurka akacheka, kisha akashika goti.

Viungo vyake vilianza kuvimba mwezi Machi.
Daktari Urquiola wa wodi ya nne hana maneno mengi:
askari wako wa kinga wanakupiga wewe.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ndogo,
shule ya seli.
Kila mwanafunzi huonyeshwa vipande vya mwili uliomzaa:
huyu ni wewe, na huyu, na huyu pia.
Anayeng'ata hufa hapo hapo darasani.
Wengi hufa.
Wanaofaulu hutoka na macho ya kutambua
hata maradhi ambayo hayajazaliwa.
Na wachache, kwa bahati ya kete,
hutoka bila kuulizwa swali lililowahusu.
Kikulacho ki nguoni mwako;
waliosema hivyo hawakuwa na hadubini.

Basi nauchora mwili wa dada yangu kama nchi ya milima.
Kila bonde ni namna moja ya kutulia.
Afya ni bonde.
Ugonjwa nao ni bonde, na hilo ndilo liliniibia usingizi:
mwili wake haukuharibika,
umetulia tu, mahali pabaya.
Kati ya mabonde hayo kuna ukingo, kimo chake sikijui.
Nina wagonjwa thelathini na wanane,
na sampuli sita zilioza friji ilipozima.

Pembeni mwa risiti mkono ukaandika, bila ruhusa yangu:

Chuma kwanza na kipashwe, polepole kipangike,
haraka kisizamishwe, majini kikapasuke;
na mwili, je, uchemshwe, vipi moto uzimike,
mabondeni uhamishwe, mwenyewe asivunjike?

Nikayakata kwa mstari. Hayo si hesabu.

Kutoka chumbani, gizani, Niurka akauliza:
"Ile siku, mimi uliniweka kiti gani?"
Nikafikiri. Nikahesabu viti, vyote kumi na vitatu.
"Wewe hukukaa. Ulizunguka na sinia usiku kucha,
ukimpa Bebo wali kabla hajamwita Eneida,
ukisimama kati ya Lázaro na maneno yake."
"Miguu iliniuma," akasema.
"Lakini hakuna aliyeondoka."

Mshumaa umebaki kidole kimoja.
Sijui kama hiki ni kitu au ni usingizi tu:
katika mlinganyo naongeza herufi moja,
ya yule asiyekaa,
na kila kitu nilichokifuta tangu Jumanne
lazima nikiandike upya.